Kiti Kibovu Angani Kina Bei Gani?

Mwaka 2000 Mkanada mmoja anayezungumza Kifaransa, Michel Thibodeau, alipanda ndege kutoka Montreal kwenda Ottawa na kuagiza soda ya 7Up. Aliagiza kwa Kifaransa. Mhudumu alijua Kiingereza tu. Nchini Kanada hilo si jambo dogo. Sheria ya Lugha Rasmi inalibana shirika la Air Canada limhudumie abiria kwa lugha aitakayo kati ya hizo mbili, na ndege ile ilikuwa ya Air Ontario, kampuni tanzu ya Air Canada. Thibodeau akafungua kesi. Mwaka 2005 Mahakama ya Shirikisho iliamuru aombwe radhi rasmi na alipwe dola 5,375 za Kanada.

Mwaka 2009 yeye na mkewe walisafiri na shirika hilohilo kati ya Kanada na Marekani, na mara kadhaa wakakosa huduma ya Kifaransa. Wakashtaki tena, na mwaka 2011 wakashinda tena: dola 12,000 kwa wote wawili. Shirika lilikata rufaa, na tarehe 28 Oktoba 2014 Mahakama ya Juu ya Kanada ikatamka kwamba kwa yaliyowakuta ndani ya ndege za kimataifa hawastahili kulipwa fidia. Hakuna aliyebisha kwamba haki yao ya lugha ilivunjwa. Tofauti ya kesi hizo mbili ni kwamba ndege ya kwanza ilibaki ndani ya Kanada, na zile za pili zilivuka mpaka.

Anayetaka kuelewa kwa nini malalamiko ya abiria kuhusu huduma mbovu huishia kwenye barua ya pole na vocha, aanzie hapo. Si kwamba majaji hawana huruma, wala si kwamba abiria hawajui kulalamika. Sheria ya usafiri wa anga wa kimataifa iliamua tangu zamani mambo yapi yana bei na yapi hayana, na huduma ya ndani ya ndege ikaangukia upande usio na bei.

Ndege inapotoka nchi moja kwenda nyingine, madai ya fidia ya abiria katika sehemu kubwa ya dunia hutawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika Novemba 2003. Kenya na Tanzania ni wanachama. Mkataba huo ulirithi mifupa ya ule wa Warsaw wa mwaka 1929, ulioandikwa wakati usafiri wa anga ukiwa bado mchanga na serikali zikihofia kwamba ajali moja ingeweza kuifilisi kampuni nzima. Wakapatana kwamba abiria arahisishiwe kudai, na kampuni iwekewe ukomo wa kulipa. Madai yanayotambuliwa ni ya aina tatu: kifo au jeraha la mwili lililotokana na ajali ndani ya ndege au wakati wa kupanda na kushuka, mzigo uliopotea, kuharibika au kuchelewa, na abiria mwenyewe kucheleweshwa. Viwango hupitiwa upya mara kwa mara. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo wa fidia ya kucheleweshwa ni SDR 6,303 na wa mizigo ni SDR 1,519. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kimoja huzidi kidogo dola 1.3 ya Marekani.

Runinga isiyowaka, kiti kisicholala, choo kilichoziba saa nane za safari, mhudumu mwenye kiburi: hayamo.

Tena kifungu cha 29 kinasema kwamba dai lolote la fidia linalotokana na safari ya aina hiyo liletwe kwa masharti ya mkataba huo tu. Mahakama nyingi kubwa zimekisoma kifungu hicho, pamoja na kile kilichokitangulia katika Mkataba wa Warsaw, kwa ukali. Tarehe 2 Agosti 1990 ndege ya British Airways, safari namba BA149, ilitua Kuwait saa chache baada ya majeshi ya Iraq kuivamia nchi hiyo, na abiria wake wakakamatwa mateka. Baadhi yao walidai kwa sheria ya kawaida ya Uingereza kwamba shirika lilizembea kutua pale. Mwaka 1996, katika kesi ya Sidhu dhidi ya British Airways, majaji wa Baraza la Malodi wakawajibu kwamba kama mkataba hauwapi fidia, basi hakuna sheria nyingine ya kuwapa. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyohivyo katika kesi ya El Al dhidi ya Tseng, iliyohusu abiria aliyepekuliwa kwa namna ya kumdhalilisha katika uwanja wa John F. Kennedy, New York.

Kesi inayouma zaidi ni ya Christopher Stott, Mwingereza aliyetumia kiti cha magurudumu. Mwaka 2008 alikuwa akirudi nyumbani kutoka kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, kwa ndege ya Thomas Cook. Alikuwa ameahidiwa kukaa karibu na mkewe, kwa sababu alihitaji msaada wake kwa haja za mwili njia nzima. Walipofika wakatenganishwa. Wakati wa kupanda kiti chake kilipinduka, akaanguka sakafuni mbele ya watu. Kwa zaidi ya saa tatu mkewe alikuwa akipiga magoti kwenye njia ya kati ili amhudumie, na wahudumu hawakufanya lolote kumrahisishia. Jaji wa kwanza alikubali kwamba alidhalilishwa na kwamba kanuni za Ulaya za kuwalinda abiria wenye ulemavu zilivunjwa. Akasema kama angekuwa na uwezo angempa pauni 2,500. Hakuwa na uwezo huo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilithibitisha hivyo, ingawa majaji hawakuficha kwamba matokeo hayo hayawaridhishi. Pauni 2,500 haziwezi kulitikisa shirika la ndege, na bado mkataba ulizuia hata hizo.

Je, hakuna upenyo? Upo, nao unapitia kwenye mwili. Mwaka 1985, katika kesi ya Air France dhidi ya Saks, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba ajali ni tukio lisilotarajiwa au lisilo la kawaida, linalotoka nje ya mwili wa abiria. Abiria yule alikuwa amepoteza usikivu wa sikio moja ndege ikishuka kama kawaida kuelekea Los Angeles, kwa hiyo alishindwa. Lakini maelezo hayo yaliacha mwanya ambao wengine waliutumia vizuri.

Januari 1998 Dakta Abid Hanson, mgonjwa wa pumu, alisafiri na Olympic Airways kutoka Athens kwenda New York. Siku hizo shirika hilo bado liliruhusu sigara kwenye viti vya nyuma, na yeye alipangiwa kiti safu chache tu mbele ya wavutaji. Mkewe alimwomba mhudumu mara tatu amhamishe. Mhudumu alikataa, akidai ndege imejaa, kumbe viti 11 vilikuwa wazi. Hanson alifariki humohumo angani. Shirika lilijitetea kwamba moshi ulikuwa jambo la kawaida katika ndege zake, na kwamba mhudumu kukaa bila kufanya kitu hakuwezi kuitwa tukio. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa utetezi huo: mhudumu kukataa ombi la namna ile nako ni ajali. Familia ilibaki na tuzo ya dola milioni 1.4 iliyotolewa na mahakama ya awali. Kesi hii ni ya huduma mbovu kwa maana halisi. Kosa halikuwa la injini wala la rubani, lilikuwa la mtu mwenye sare aliyeombwa kumsogeza abiria akasema haiwezekani.

Huko Ulaya mwanya huo uliongezwa na kikombe cha kahawa. Mwaka 2015, katika ndege ya shirika la Niki kutoka Mallorca kwenda Vienna, kikombe kilichowekwa kwenye meza ya abiria kilipinduka na kumwunguza binti yake mdogo aliyekaa kando. Haikujulikana kama meza ilikuwa mbovu au ni mtikisiko wa ndege. Familia ilidai euro 8,500. Upande wa pili ulijibu kwamba kahawa kumwagika si hatari inayotokana na kuruka angani. Inaweza kumwagika hata hotelini. Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba haidhuru: kitu kinachotumika kuwahudumia abiria kikimjeruhi mtu ndani ya ndege, hiyo ni ajali kwa maana ya Mkataba wa Montreal, bila kulazimika kuthibitisha uhusiano wowote na hatari za anga. Kwa hiyo kahawa ikimwagika na kukuunguza, unalipwa. Ikiwa baridi kama maji ya mtungini, hulipwi.

Hata maumivu ya moyo yameanza kupata nafasi, lakini kwa masharti magumu. Oktoba 2022 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya shirika la Laudamotion ambalo injini ya ndege yake ililipuka ikijiandaa kuruka kutoka London Stansted, ilikubali kwamba madhara ya kisaikolojia yanaweza kuwa jeraha la mwili, mradi ni mazito na hayawezi kupona bila matibabu. Hasira ya kukalia kiti kichafu haifiki huko.

Upande wa chakula kuna mengi ya kusema, maana ndicho kinacholalamikiwa zaidi na ndicho kigumu zaidi kukishtaki. Sehemu ya lawama ni ya anga yenyewe. Utafiti ambao taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani iliufanyia Lufthansa ulionyesha kwamba katika hewa kavu na mgandamizo mdogo wa ndani ya ndege, ulimi wa binadamu husikia chumvi na sukari kwa unyonge. Sehemu nyingine ni ya wahasibu. Robert Crandall, bosi wa American Airlines katika miaka ya 1980, anakumbukwa kwa kuondoa zeituni moja katika kila sahani ya saladi, hatua inayosimuliwa kuwa iliiokolea kampuni dola 40,000 kwa mwaka. Hakuna abiria aliyeweza kwenda mahakamani kudai zeituni yake, na Crandall alilijua hilo.

Chakula kikiwa sumu mambo hubadilika. Februari 1975 ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikielekea Paris ilitua Copenhagen huku abiria wakitapika. Zaidi ya 140 walilazwa hospitalini. Chanzo kilikuwa nyama ya nguruwe iliyoshikwa na mpishi mwenye kidonda kidoleni huko Anchorage, kisha chakula kikaachwa muda mrefu bila baridi ya kutosha. Mwaka 1992 saladi ya kamba iliyopakiwa Lima katika ndege ya Aerolíneas Argentinas iliwaambukiza kipindupindu abiria 75 waliokuwa wakienda Los Angeles, na mmoja akafa. Mambo haya hayajaisha. Julai 2024 ndege ya Delta iliyotoka Detroit kwenda Amsterdam ililazimika kutua New York baada ya abiria kupewa chakula kilichoharibika. Katika matukio kama haya kuna ugonjwa, daktari na cheti, yaani kuna kitu ambacho mkataba unakitambua.

Lakini unywele kwenye pakiti ya chakula? Abiria mmoja wa Air India aliukuta mwaka 2002, akitoka Colombo kwenda Chennai. Mahakama ya chini ilimpa rupia 100,000. Shirika likakata rufaa, na Mahakama Kuu ya Madras ilipolimaliza shauri hilo Oktoba 2025 ilimbakishia rupia 35,000, takriban dola 400 za Marekani. Kwa wastani ni kama dola 17 kwa kila mwaka wa kusubiri. Wapo watakaosema haki imetendeka.

Hata hivyo ni India hiyohiyo inayotoa mfano bora wa nini kinawezekana. Nchi hiyo ina tume za walaji hadi ngazi ya wilaya, ambako mnunuzi hufungua shauri kwa gharama ndogo na anaweza kujitetea bila wakili. Mei 2023 ofisa mwandamizi wa polisi wa jimbo la Telangana na mkewe walisafiri na Singapore Airlines kutoka Hyderabad kupitia Singapore kwenda Australia, wakiwa wamelipa rupia 66,750 kila mmoja kwa daraja la biashara. Kitufe cha kulaza kiti hakikufanya kazi, wakakesha wamekaa wima. Shirika liliwapa maili 10,000 za zawadi kila mmoja. Walizikataa. Aprili 2024 tume ya wilaya ya Hyderabad iliamuru warudishiwe rupia 48,750 kila mmoja pamoja na riba ya asilimia 12, waongezewe rupia 100,000 kila mmoja kwa usumbufu, na gharama za kesi juu yake. Mwaka uliofuata tume moja ya Delhi iliiamuru IndiGo imlipe abiria aliyetoka Baku rupia 150,000 kwa kukalishwa kwenye kiti kichafu chenye madoa.

Safari zote mbili zilikuwa za kimataifa. Jaji wa London au Ottawa huenda angezitupa kabla hajamaliza chai yake. Tume za India ziliuliza swali jepesi zaidi: abiria aliuziwa nini, akapewa nini? Kiti cha daraja la biashara kisicholala ni kiti cha daraja la kawaida chenye nafasi kubwa, na anayelipia kimoja akapewa kingine anastahili kurudishiwa tofauti. Mwanasheria mkali wa mkataba anaweza kupinga hilo kwa hoja nzito, na siku moja huenda akashinda huko juu. Lakini kwa abiria wa kawaida mantiki ya tume hizo inaeleweka kuliko ya majaji wa Stott.

Marekani imefika karibu na hapo kwa njia ya kanuni. Mwezi Aprili 2024 Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo ilitoa kanuni inayoyalazimisha mashirika kurudisha ada ya huduma ya ziada ambayo abiria amelipia na hakupewa: intaneti ya ndani ya ndege, kuchagua kiti, burudani. Kanuni inayahusu pia mashirika ya kigeni yanayoingia na kutoka Marekani, kwa hiyo inaigusa hata ndege ya Kenya Airways kati ya Nairobi na New York. Ni pesa kidogo. Ila kanuni hiyo inaikubali hoja kwamba huduma iliyowekewa bei ikiuzwa, na isipotolewa, bei hiyo irudi kwa mwenyewe.

Hapa kuna kinaya. Zamani tiketi moja ilibeba kila kitu, na hakuna aliyejua chakula au kiti cha dirishani vimechukua shilingi ngapi ndani yake. Mashirika ya bei nafuu yalipoanza kuuza kila kitu peke yake (begi peke yake, kiti peke yake, hata maji ya kunywa) yalivuna pesa nyingi, lakini pia yakamwandikia abiria risiti ya kila ahadi. Wateja wa Fastjet iliyoanza safari zake Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, na wa Jambojet iliyoanza Kenya mwaka 2014, walijifunza biashara hiyo mapema. Abiria aliyelipia kiti chenye nafasi ya miguu akakalishwa karibu na choo ana dai lenye tarakimu. Aliyeahidiwa tu katika tangazo la biashara kwamba atakaribishwa kwa tabasamu hana.

Ulaya nayo, ingawa inasifiwa kwa ukali, haigusi huduma mbovu kwa jina. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria euro 250, 400 au 600 kutegemea umbali wa safari, pale safari inapofutwa ghafla, anapozuiwa kupanda kwa sababu tiketi zimeuzwa kupita viti, au, kufuatia uamuzi wa mahakama wa mwaka 2009, anapofika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi. Na shirika husamehewa kama chanzo ni jambo lisilo la kawaida lililo nje ya uwezo wake. Kipengele kinachokaribia huduma ya ndani ya ndege ni kile cha kushushwa daraja: aliyelipia daraja la juu akakalishwa la chini hurudishiwa asilimia 30, 50 au 75 ya nauli ya sehemu hiyo ya safari. Kwa safari ndefu kama ya Dar es Salaam hadi Amsterdam ni asilimia 75. Wasafiri wetu wengi hawajui kwamba kanuni hiyo inawahusu. Inahusu kila ndege inayoondoka katika nchi za Umoja wa Ulaya, iwe ya shirika lolote, na ndege zinazoingia huko zikiwa za mashirika ya Ulaya. Kwa hiyo anayetoka Kilimanjaro kwenda Amsterdam kwa KLM analindwa kwenda na kurudi. Anayetoka Nairobi kwenda Amsterdam kwa Kenya Airways halindwi wakati wa kwenda, analindwa wakati wa kurudi. Na anayekwenda Muscat, Doha au Dubai kununua bidhaa za duka lake la Kariakoo hana habari nayo kabisa.

Mahali ambapo sheria imenyamaza, mashirika hulipa kwa hofu ya aibu. Mwishoni mwa mwaka 2008 abiria mmoja wa Virgin Atlantic, akitoka Mumbai kwenda London, alimwandikia Richard Branson barua ya kejeli yenye picha za chakula alichopewa, akieleza kila bakuli kana kwamba ni ushahidi wa mauaji. Barua hiyo ilienea duniani. Branson alimpigia simu mwenyewe na kumwalika ashiriki kuchagua vyakula vya ndege zake. Mwaka uliofuata mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, ambaye gitaa lake lilivunjwa akisafiri na United na kisha akazungushwa kwa miezi mingi, alitunga wimbo wa kuisema kampuni hiyo na kuuweka YouTube. Kampuni iliyokuwa imekataa kulipa ikaanza kumtafuta. Na Aprili 2017, baada ya video ya abiria aliyeburutwa nje ya ndege ya United huko Chicago kuzunguka dunia, kampuni ilimalizana naye nje ya mahakama katika wiki tatu tu, na ikapandisha hadi dola 10,000 kiwango cha juu inachoweza kumpa abiria anayekubali kuacha kiti chake kwa hiari.

Wengi huvisoma visa hivi kama ushindi wa mnyonge. Havistahili sifa hiyo. Branson alijibu barua iliyochekesha. Barua elfu zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kubabaisha na mama aliyetoka kumtembelea mwanawe Toronto hazikupigiwa simu. Utaratibu wa kulipa kwa kuogopa aibu humlipa mwenye simu nzuri, mwenye wafuasi mtandaoni na mwenye ulimi mkali. Mzee aliyekaa njia nzima karibu na choo kinachovuja, akanyamaza kwa heshima zake, hapati kitu.

Afrika Mashariki imekaa wapi katika haya? Kwenye karatasi hali si mbaya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaokubalika, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa au huduma hizo. Kenya ina pia Mahakama za Madai Madogo, zilizoanza kazi mwaka 2021, zinazosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Tanzania ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na pembeni yake Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, chombo kilichoundwa mahususi kumsemea abiria. Ipo pia Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, yenye jukumu la kumlinda mlaji.

Tatizo ni kwamba katiba hiyohiyo ya Kenya, kifungu cha 2, inaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi. Abiria atakayelishtaki shirika kwa kifungu cha 46 kuhusu safari ya kimataifa atakutana na wakili mwenye hukumu za Sidhu, Tseng na Thibodeau mkononi. Hukumu hizo haziwafungi majaji wa Nairobi wala wa Dar es Salaam, ila husomwa kwa uzito. Njia nyeupe zaidi ni ya safari za ndani: Dar es Salaam kwenda Mwanza, Nairobi kwenda Kisumu, Mombasa kwenda Nairobi. Huko mkataba haufiki wenyewe, isipokuwa pale sheria ya nchi imeamua kuzitumia kanuni zake hata nyumbani. Ni kama ile ndege ya kwanza ya Thibodeau, iliyobaki ndani ya Kanada.

Kwa msafiri wa kesho asubuhi, mambo machache yana faida kuliko hasira. Kasoro iandikwe kabla ya kushuka: namba ya kiti, jina la mhudumu mkuu wa safari hiyo, picha ya kiti au chakula, na ombi kwamba naye aiandike katika taarifa yake. Dai lihusu kitu kilicholipiwa, na liandikwe kwa tarakimu. "Naomba nirudishiwe shilingi kadhaa nilizolipia kiti namba fulani" humsumbua mwajiriwa wa dawati la malalamiko kuliko kurasa tatu za masikitiko. Mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kuupokea, la sivyo haki hupotea, na kesi yoyote chini ya Mkataba wa Montreal ina ukomo wa miaka miwili. Aliyeungua, kuumia au kuugua aende kwa daktari siku hiyohiyo na kutunza cheti. Na vocha isipokelewe kabla ya kusoma maandishi yaliyo chini yake, kwa kuwa mara nyingi anayeipokea huwa amekubali kwamba hana dai jingine.

Mkataba wa 1929 ulikuwa na sababu zake, na ukomo wa fidia za ajali bado unaweza kutetewa. Kinachoshindikana kutetewa ni kuutumia kama ngao ya kiti kibovu kilichouzwa kwa bei ya kizima. Kuligeuza hilo hakuhitaji mkutano mwingine wa mataifa huko Montreal. TCAA ya Tanzania na mamlaka mwenzake ya Kenya, KCAA, zinaweza kuandika kanuni fupi kama ile ya Marekani, itakayolitaka kila shirika linalouza tiketi katika nchi hizi kurudisha, kwa pesa taslimu na ndani ya siku zinazohesabika, ada ya kila huduma ya ndani ya ndege iliyolipiwa na haikutolewa. Baraza la watumiaji la Tanzania liliundwa kwa kazi ya namna hii, na ni juu yake kuipeleka rasimu mezani.